Panga kubwa

Mchezo wa Baldur's Gate ulitoka mwaka 1998, kabla sijazaliwa, na ndiyo sababu kompyuta yangu inauweza. Kabla ya kuingia vitani unaumba mtu wako: mpiganaji, mchawi, padri, mwizi. Kisha unafika kwenye ukurasa wa silaha. Mpiganaji hupewa nukta 4 za kugawa kati ya silaha atakazozijua, mchawi hupata 1 tu. Anayeshika silaha asiyoijua hupunguziwa shabaha, mpiganaji 2, mchawi 5. Padri hatakiwi kugusa chenye makali, basi anabaki na rungu, nyundo na kombeo. Sheria hizi zilirithiwa kutoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani, toleo la pili la mwaka 1989.

Zilinivuta kwa sababu zinafanana na ngeli. Mchezo wa kwanza ulikuwa na makundi 8 tu, na panga zote kubwa zilikaa kundi moja. Ulipokuja wa pili mwaka 2000, makundi yalivunjwa yakafika 20, na katana ya Wajapani ikapewa kundi lake peke yake. Silaha nyingi zilikuwa zilezile, jicho la mpangaji ndilo lililobadilika. Hivyo ndivyo mwalimu wa sekondari anavyosema A-WA na KI-VI, wakati sisi huku tunahesabu 1, 2, 7, 8 kama tulivyorithi kwa Meinhof, na nomino hazina habari.

Maneno yote ya mchezo huo yamewekwa katika faili moja, na mashabiki wa nchi nyingi wameyafasiri kwa lugha zao. Nikajiuliza kwa nini Kiswahili kisiwemo. Nilianza na silaha za mchezo wa kwanza, nikifuata Kifaransa. Mkuki, shoka, upinde, kombeo, rungu: dakika tano. Épée bâtarde ilinichekesha, maana neno kwa neno ni upanga mwanaharamu, kumbe ni upanga unaoshikika kwa mkono mmoja au miwili. Fléau ilinichukua jioni nzima. Ni chombo cha mkulima wa Ulaya cha kupuria ngano, gongo lililofungwa kwenye mpini. Ni pia silaha ya vita, gongo hilohilo likiwa na chuma. Na ni janga, kama tauni au nzige. Neno moja limebeba shamba, vita na msiba. Niliandika hayo daftarini kama mfano mzuri wa somo la semantiki, nikalala nimeridhika.

Wakati huo mtoto wa mama mdogo alikuwa anakaa kwetu Butembo. Ana miaka 13. Walitoka upande wa Beni, barabara ya Mbau, wakaacha kakao ikiivia mitini. Hatukumuuliza aliona nini, naye hakusema. Kifaransa chake ni kidogo, kwa hiyo nilimsomea orodha yangu ili achague. Nilipofika "panga kubwa" akanikatiza.

"Yaya, mupanga nao ni wa kulipia nukta? Kuko mutu mwenye hajui mupanga?"

Nilicheka, kisha nikaacha. Kwao mtoto hupewa panga mapema, kabla hajajua kusoma vizuri. Analifyekea nyasi, anakatia vijiti vya muhogo vya kupanda, na akishakuwa na mkono mtulivu anaachiwa kupasua tunda la kakao bila kuzijeruhi mbegu. Huo ni ujuzi wa silaha kwa kipimo chochote, ila hakuna anayeuhesabu. Katika makundi 20 ya mchezo wa pili katana imo, panga halimo.

Nikarudi kwenye ngeli, ndiko ninakojua kujificha. Upanga huu, panga hizi: silaha ya askari. Panga hili, mapanga haya: chombo cha shamba, ambacho kwa umbo lake ni ukubwa wa upanga, kama kapu lilivyo kwa kikapu. Sisi hapa tunasema mupanga, mipanga, tumeliingiza katika ngeli ya mti. Shina moja, ngeli tatu. Ningekuwa nimeandika "panga ndefu", kipatanishi kingeniokoa, maana la shambani ni panga refu. Lakini kubwa haibadiliki: panga kubwa ni mengi ya askari au moja la mkulima, na hakuna sarufi itakayomwambia msomaji ni lipi. Nilikuwa nimemwekea mtoto yule mbele ya macho, kwa herufi zangu mwenyewe, kile alichokikimbia.

Maana tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza Beni, panga limekuwa neno la taarifa ya habari. Watu wa Rwangoma wanalisikia pamoja na tarehe yake, 13 Agosti 2016. Waandishi wa Kifaransa wana armes blanches, silaha nyeupe, kundi moja linalomeza kisu, shoka na panga. Anayesoma Paris hajui kilichotumika ni nini. Mtangazaji wa Kiswahili hutaja chombo: wameuawa kwa mapanga. Na msikilizaji analo lake, limeegemezwa nyuma ya mlango, atakwenda nalo shambani kesho akithubutu kwenda.

Nilijaribu maneno mengine. Sime ni ya Kenya na Tanzania, na ni fupi. Jambia ni la Waarabu, linakaa kiunoni. Kitara kimepinda. Kila moja lilikuwa sahihi mahali pengine.

Mdogo wangu hakungoja niamue. Aliniomba nimsomee tena sheria ya padri, ile ya makali. Nilimweleza kwamba padri ni dhaifu mwanzoni, ataumia sana mapango ya kwanza. Akasema sawa. Akachukua padri, na nukta zake 2 akaziweka kwenye silaha butu na silaha za kurusha. Alicheza hadi jenereta ya jirani ikazimwa.

Faili bado ninalo. Mkuki, shoka, upinde na rungu ni za Kiswahili. Mstari wa panga kubwa nimeurudishia Kifaransa.