Maua Mazuri ya Kisumu

Sisi watu wa Likasi tunajua faida ya maji. Mto Lufira ulizuiwa kule Mwadingusha karibu mwaka wa 1930, ndipo likapatikana ziwa Tshangalele. Maji yale yanazungusha mashini za umeme, kwanza Mwadingusha, kisha Koni. Na samaki wa upande wa Kapolowe wanafika sokoni kwetu, tunawala na bukari. Ndiyo sababu mambo niliyoyaona Kisumu, katika nchi ya Kenya, yalinigusa sana.

Nilikuwa nimeenda kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Siku moja mwenyeji wangu alinipeleka Dunga, kando ya Ziwa Victoria. Nilitafuta maji, nikaona shamba. Majani ya kijani na maua ya zambarau mpaka macho yanachoka. Kumbe chini yake ni maji! Mitumbwi ilikwama, wavuvi wamekaa tu. Mama mmoja muuza samaki alishika karai tupu.

Niliinama, nikang'oa mmea mmoja. Nilisema moyoni: huu nitautia katika ndoo ya maji mbele ya mlango wangu. Mzee mvuvi akaniona.

"Mama, unapeleka wapi hiyo?"

"Iko maua tu, mzee. Niko napeleka ku Likasi."

Akatikisa kichwa. "Hata sisi tulisema ni maua tu."

Mmea huo unaitwa gugu maji. Kwao ni Amerika ya Kusini. Watu waliupeleka nchi nyingi kwa kupenda maua yake. Mmoja unazaa watoto pembeni, na penye joto na uchafu mwingi unaweza kuongezeka mara mbili kwa wiki mbili hivi. Sisi Wakongo hatuko wageni kwake: uliingia mto Kongo katika miaka ya 1950. Ziwa Victoria ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera uliendelea kuuleta. Kule Jinja, Uganda, ulisumbua hata baraji ya umeme. Hebu fikirini Koni!

Kuutoa kwa mikono kulichosha watu. Basi wataalamu walimtafuta adui wake kule kwao, wakamkuta mdudu wa milimita 5 hivi, wa jamaa ya fukusi, wale wanaotoboa mahindi yetu. Mkubwa anakula majani. Mabuu, yaani watoto wake, wanatoboa shina mpaka moyo wa mmea. Maji yanaingia, mmea unaoza, unazama.

Nikamwuliza mzee: "Na akimaliza gugu, hatakuja ku mihogo yetu?" Hapana. Kabla ya kuachiliwa alijaribiwa kwa mimea mingi, ikaonekana hawezi kuendelea kuzaa pasipo gugu maji. Uganda ilianza kumwachilia mwaka 1995, Kenya mwaka 1997. Wavuvi wenyewe walisaidia kumfuga. Mwaka 1998 ghuba ya Kisumu ilikuwa imefunikwa karibu hekta 17,000. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ilikuwa imekwisha. Mvua na mawimbi ya El Niño yalisaidia pia.

Mbona basi mimi niliukuta tena? Kwa sababu mbegu zake zinalala katika matope miaka mingi, na mvua kubwa inaziamsha. Tena uchafu wa miji na mbolea ya mashamba vinashuka ziwani na kuulisha. Mdudu anafanya kazi yake polepole, nasi wanadamu tunamnonesha adui yake kila siku.

Ule mmea niliuacha juu ya mchanga mkavu, jua liukaushe. Nilirudi mikono mitupu.

Wazazi, tuwafundishe watoto. Ukiona ua la zambarau linaelea, usilipande nyumbani, usilitupe mtoni. Mwonyeshe mkubwa wa kijiji mapema, lingali moja. Na takataka zetu tusizitupe katika vijito vya mji, maana vinashuka Lufira, na Lufira ndiyo umeme wetu na samaki wetu.

Biblia inamtuma mvivu kwa chungu, akajifunze kazi. Mimi kule Kisumu nilitumwa kwa fukusi.