Joto la Gerezani Ndani ya Mlinganyo

Nimekulia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye duka la vipuri la mjomba, katikati ya filta, mikanda ya feni na madumu ya maji ya betri. Kemia niliisoma kama tulivyoisoma wengi: unakariri, unafanya mtihani, unasahau. Leo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwa kompyuta napiga hesabu ya namna punje ndogo mno za jeli zinavyovimba na kusinyaa joto au chumvi vinapobadilika. Naandika haya nieleze ilivyokuwa.

Kilichonibadilisha ni pampasi. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwalimu alitufundisha mlinganyo wa Paul Flory na John Rehner wa mwaka 1943. Jeli ni wavu wa minyororo ya polima iliyofungamanishwa. Minyororo inayapenda maji, kwa hiyo maji yanaingia. Wavu nao ukivutika unagoma kutanuka zaidi. Kama minyororo ina chaji, ioni zilizonaswa ndani zinavuta maji kwa nguvu kubwa kuliko zote. Mahali nguvu hizo zinapolingana ndipo punje inapokoma kuvimba. Niliandika programu fupi ya Python kutafuta mahali hapo, nayo ikatoa jibu: chumvi ikiongezeka nje, nguvu ya ioni za ndani inapungua na jeli inatema maji.

Ili kulijaribu jibu hilo, nikanunua pampasi Kariakoo, nikaichana na kukung'uta pamba yake mpaka chembe nyeupe zikabaki kwenye sinia. Hizo ni sodiamu poliakrileti. Nusu kijiko cha chai nikakitia kwenye glasi ya maji ya betri, ambayo hayana chumvi. Baada ya muda mfupi glasi nzima ilikuwa jeli, ukiiinamisha haimwagiki. Kwenye maji ya kisima, yale ya chumvichumvi tunayoyajua watu wa pwani, jeli ilikaa chini na maji yakabaki juu. Nikarudi kwenye glasi ya kwanza, nikatia chumvi ya jikoni na kukoroga. Jeli ikalegea, ikaachia maji, ikashuka.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. "Hesabu yako ilijua kabla?"

"Ilijua, mjomba."

"Basi hiyo usiiache."

Sikuiacha. Niliendelea hadi kwa Toyoichi Tanaka, ambaye mwaka 1978 kule MIT alionyesha kwamba jeli inaweza kusinyaa ghafla kwa badiliko dogo tu la joto. Mwaka uliofuata yeye na David Fillmore walieleza kasi yake: muda wa kuvimba unafuata mraba wa ukubwa wa punje. Punguza punje mara 1,000, muda unapungua mara 1,000,000. Ndiyo maana mikrojeli, ambazo jicho haliwezi kuziona, zinaitikia papo hapo, ilhali kipande cha jeli cha kushika mkononi kinaweza kuchukua saa nyingi.

Mikrojeli inayochunguzwa zaidi inaitwa PNIPAM. Robert Pelton na Philip Chibante walieleza namna ya kuitengeneza mwaka 1986. Chini ya nyuzi joto 32 hivi inajaa maji. Ikivuka hapo inayatoa na kusinyaa. Watafiti wanaitazama kama chombo cha kubebea dawa: ikae imevimba kwenye chupa, isinyae na kuachia dawa ikikuta mwili wenye nyuzi 37. Kwenye makala nyingi joto la chumba ni nyuzi 25. Hapo ndipo roho yangu inapouma. Februari, chini ya bati, bila feni, chumba cha Gerezani kinapita 32 kabla ya adhuhuri. Punje hiyo ingesinyaa rafuni, mgonjwa hata hajafika.

Kwa hiyo kwenye programu yangu naweka joto la hapa, asubuhi hadi usiku, pamoja na chumvi ya damu, gramu 9 hivi kwa lita. Kuchanganya akrilamidi kwenye minyororo kunapandisha kile kiwango cha 32. Asidi ya akriliki nayo inakipandisha, ila kwa chaji yake, na chumvi ya mwili inaififisha chaji hiyo. Ndiyo maana mimi naegemea akrilamidi. Kemikali hizi huagizwa nje kwa bei kubwa. Hesabu inakuonyesha mchanganyiko upi unafaa kujaribiwa kabla hujatoa hata shilingi.

Wewe mwanafunzi wa kemia, usisubiri maabara ikamilike. Python ni ya bure, na maji ya betri yanauzwa kwenye maduka ya vipuri Gerezani. Piga hesabu kwanza, andika jibu, ndipo utie chumvi.