Malta: Tulinong'ona bei, ajuza akasikia

Mpenzi msomaji, kama umewahi kusafiri na marafiki kisha ukaapa kwamba hutarudia tena, basi kaa kitako nikusimulie. Tulikuwa wanne. Majina ya wenzangu nitayaficha kwa sababu husoma gazeti hili kila Jumapili, na mmoja wao ananidai. Kulikuwa na Mwalimu, mama afundishaye historia katika shule ya upili. Kulikuwa na Mhasibu, mweka hazina wa chama chetu, mtu ambaye akila ndizi huandika bei yake daftarini kabla ya kutupa ganda. Kulikuwa na Dereva, aliyeendesha matatu barabara ya Thika kwa miaka kumi kabla ya kuhamia basi la shule. Wa nne ni mimi, na kazi yangu ilikuwa kusoma ramani.

Miaka mitatu tulichanga pesa kila mwezi. Wengine tulikuwa tunawaza Dubai kama kila mtu, lakini Mwalimu alikataa katakata. Tangu akiwa mtoto wa shule ya Jumapili alitaka kukiona kisiwa ambacho Biblia yetu ya zamani hukiita Melita, pale ambapo jahazi la Mtume Paulo lilivunjika. Tukapiga kura mara mbili, na mara zote mbili akashinda, ingawa mpaka leo sielewi vipi.

Hadithi ya viza nitaiacha, maana ni ndefu kuliko safari yenyewe. Niseme tu kwamba tulitua Malta mwezi wa Februari, mvua ikinyesha, na Mwalimu akiwa na pakiti mbili za unga wa mahindi ndani ya sanduku. Tulimcheka kuanzia Nairobi hadi kwenye mlango wa ndege.

Sasa sikia. Nchi hiyo ina kilomita 316 za mraba, visiwa vyake vyote vikijumlishwa. Jiji la Nairobi lina 696. Yaani ungeweza kuitia Malta yote ndani ya Nairobi mara mbili na ukabaki na nafasi ya kuegesha magari. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 27 tu. Hata hivyo wakazi wake ni zaidi ya nusu milioni na magari yao yamepita 400,000. Dereva alipoona msongamano wa kwanza alitabasamu kama mtu aliyefika kwao. Tena wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na plagi zao za umeme zina meno matatu kama zetu. Mwingereza aliwatawala na wao, wakapata uhuru tarehe 21 Septemba 1964, miezi tisa baada yetu. Tulikodi kigari kidogo ambacho Mhasibu alikisifu kwa bei na sisi wengine tulikilaani kwa magoti.

Tulianzia Valletta, mji mkuu. Mji huo ni kama jiwe moja kubwa lililochongwa likawa ngome. Mwaka 1565 Waturuki waliuzingira ujirani wake kwa karibu miezi minne, wakitaka kuwang'oa watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, wasiweze. Mwaka uliofuata mkuu wa watawa hao, Jean de Valette, akaanza kuujenga mji unaobeba jina lake. Mwalimu alisimama juu ya ukuta, mwavuli umepinduliwa na upepo, akasema, "Angalieni pembe za hizi kuta. Mmewahi kuziona wapi?" Hakuna aliyejibu. "Fort Jesus!" akafoka, kama alivyozoea kufoka darasani. Na kweli. Ngome yetu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, na Valletta ilichorwa na Mwitalia mwingine, Francesco Laparelli. Elimu ni ile ile: ukuta utokeze kama ncha ya mshale ili adui asipate pa kujificha. Tofauti ni kwamba Malta haikuanguka mwaka 1565, ilhali Fort Jesus ilishikwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Hayo alitueleza kwa nusu saa, mvua ikitupiga. Mhasibu akaandika daftarini: mwavuli 1, umeharibika.

Bahati nzuri, tarehe 10 Februari ilitukuta hapo hapo. Siku hiyo ni sikukuu ya taifa, ya kukumbuka kuvunjika kwa jahazi la Paulo. Sanamu yake hubebwa mabegani barabarani, bendi zikipiga, na vipande vya karatasi vikirushwa kutoka roshani hadi njia inakuwa nyeupe. Mwalimu alilia waziwazi. Akatukumbusha sura ya 28 ya Matendo ya Mitume: jinsi watu wa kisiwa walivyowawashia moto wageni hao kwa sababu ya mvua na baridi. Walikuwa 276 chomboni na wote waliokoka.

Jumapili tukaenda Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi, ambacho usiseme kama kilivyoandikwa bali useme "Marsashlok". Mashua zao zimepakwa rangi ya samawati, njano na nyekundu, na puani zimechorwa macho mawili ya kuangalia njia. Mwana wa Lamu angezielewa mara moja, kwani majahazi ya huko nayo yana macho. Kando ya bandari kuna soko: samaki, asali, na vitambaa vya meza vya lesi. Hapo ndipo tulipoaibika.

Ajuza mmoja alikuwa na kitambaa kizuri, akataka euro 70. Euro moja ilikuwa ikikaribia shilingi 150, kwa hivyo Mhasibu alishika kifua. Mwalimu akaninong'oneza kwa Kiswahili, akiwa na hakika kwamba hakuna masikio ya kumsikia: "Anataka sabini. Anza na thelathini, lakini usipite hamsini."

Yule ajuza akainua kichwa. "Sebgħin, iva," akasema akijionyesha kidole. Naam, sabini. Kisha akatikisa kichwa: "Tletin, le!" Thelathini, hapana. Halafu akacheka hadi jino la dhahabu likaonekana, akatukunjia kitambaa kabla hatujafungua midomo: "Ħamsin."

Tukalipa hamsini. Tungefanya nini? Siri yetu yote ilikuwa mezani pake.

Kimalta, mpenzi msomaji, ni mtoto wa Kiarabu kilichofika kisiwani zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kimechanganyika na Kiitaliano na huandikwa kwa herufi tunazotumia sisi. Kiswahili nacho kilikopa hesabu zake nyingi kwa Waarabu wa upande wa pili. Kwao mia ni "mija", inayosomwa "miya". Elfu ni "elf", kitabu ni "ktieb". Mji wao mkuu wa kale huitwa Mdina, yaani madina. Tangu siku hiyo tulipotaka kujadili bei tulitumia Kikuyu na Kijaluo, na kwa kuwa hatuelewani katika lugha hizo, tulinunua vitu ghali zaidi.

Kule Mosta tuliona kanisa lenye kuba kubwa ajabu. Tarehe 9 Aprili 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, bomu la Wajerumani lilitoboa kuba hiyo likaanguka katikati ya mamia ya waumini, lisilipuke. Hakufa mtu. Mfano wa bomu umewekwa ndani, na Dereva alipigwa picha pembeni yake akiwa amekunja uso kana kwamba yeye ndiye aliyelizuia.

Siku ya kwenda kisiwa cha pili, Gozo, simu yangu yenye ramani iliisha chaji. Tulisimama kijiji fulani tunywe chai. Makanisa mengi ya huko yana minara miwili na saa mbili, na husemwa kwamba moja huonyesha kweli na nyingine uongo, ili Shetani asijue saa ya misa. Mhasibu hakuwa na habari hizo. Alitazama saa ya kulia, akatuambia tuna muda tele, akaagiza maandazi yao ya jibini yaitwayo pastizzi, mara ya pili. Shetani akakosa misa, sisi tukakosa feri.

Tuliyoipata baadaye ilimpoza moyo, kwa sababu hakuna aliyetudai nauli. "Bure!" akasema, akikumbatia daftari. Hakujua kwamba nauli hulipwa wakati wa kutoka Gozo, ukiwa huna pa kukimbilia.

Gozo ni kijani na kimya. Tuliona mahekalu ya Ġgantija, mawe makubwa kuliko kigari chetu, yaliyosimamishwa karibu miaka 5,600 iliyopita, kama miaka 1,000 kabla ya piramidi za Giza. Wenyeji husimulia kwamba yalijengwa na jitu la kike lililobeba mtoto. Mwalimu akasema haoni ajabu, akina mama wa kwetu hufanya hivyo kila siku.

Dereva yeye alikuwa na jambo lake moja. Ukutani kwa mamake kulikuwa na kalenda yenye picha ya upinde mkubwa wa jiwe uliosimama baharini, nao uko Gozo, mahali paitwapo Dwejra. Aliapa atampigia mama picha. Tukafika, tukashuka, tukaangalia. Maji tu. Upinde ule ulianguka katika dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Dereva alisimama pale muda mrefu. Mwishowe akapiga picha ya maji.

Kurudi Malta ilikuwa jioni, mvua imerudi, na mimi nikiwa na ramani ya karatasi iliyolowa. Nikasema kulia. Ilikuwa kushoto. Tukaingia kinjia kati ya kuta za mawe, shimo lililojaa maji likatumeza, tairi likapasuka. Hapo ndipo Mhasibu alipotoa ya moyoni. Amana ya gari imekwenda! Chama hiki ni cha watu wasiojua kulia na kushoto! Yeye atagawa kilichobaki tukifika Nairobi na kila mtu achukue njia yake! Nami nikamjibu, maneno ambayo gazeti la familia haliwezi kuyachapa. Dereva alikuwa chini ya gari na jeki, Mwalimu akishikilia tochi na kutuomba tunyamaze.

Gari la wajenzi likasimama nyuma yetu. Kijana akashuka, koti lake limejaa simiti.

"Ndugu zangu, jeki hiyo mkiiweka hapo itatoboa sakafu."

Hata mvua nadhani ilitulia.

"Kiswahili umekitoa wapi?" Mwalimu akauliza.

"Dadaab. Nilisoma hapo mpaka darasa la nane. Na wewe ni mwalimu, nimejua kwa vile ulivyouliza."

Alikuwa Msomali. Baada ya kambi aliuza viatu Eastleigh miaka miwili. Akiwa amepiga magoti kwenye tope, akifungua nati, alimwuliza Dereva kama matatu za namba 9 bado hupiga muziki mpaka madirisha yakalia. Dereva akamwambia siku hizi ni zaidi. Kijana akacheka peke yake kwa muda.

Mwalimu akamwuliza alifikaje huku. Kutoka pale, mchana, ungeona Ghuba ya Mtakatifu Paulo na kile kisiwa kidogo ambako wenyeji husema jahazi lilipasuka. Yeye akaonyesha upande mwingine, kusini, kulikokuwa na giza tupu. Tangu mwaka 2002 maelfu ya watu, wengi kutoka Pembe ya Afrika, wamefika Malta kwa mashua kutoka Libya. Yao ilikuwa ya mpira. Injini ilizima usiku wa pili. Siku mbili baadaye meli ikawaona.

"Mlikuwa wangapi?" Mwalimu akauliza.

"Kupanda au kushuka?"

Hakuna aliyeongeza swali. Alikaza nati ya mwisho, akasimama, akamtazama Mhasibu. "Nimekusikia ukisema mnavunja chama. Sisi tuna ayuuto, ni kama chama chenu, zamu kwa zamu. Zamu ya shangazi yangu ilipofika alichukua zote akanitumia nikiwa Libya. Bado namlipa. Kila mwezi."

Mhasibu alitoa noti ya euro 20. Kijana akairudisha kwa mikono miwili. Akasita, kisha akauliza kwa aibu kama, kwa bahati, tulikuwa na unga.

Pakiti moja ilikuwa imebaki. Mwalimu aliifunga ndani ya kile kitambaa cha lesi isilowe, cha euro hamsini, na Mhasibu hakusema neno. Kijana aliiweka kifuani ndani ya koti, akapanda gari lao, likaondoka.

Ndani ya ndege Mhasibu alitusomea hesabu kama ilivyo desturi. Petroli. Pastizzi, mara mbili. Feri, "kumbe si bure". Mwavuli. Halafu: "Pancha: unga, pakiti 1." Kitambaa hakikuwepo mahali popote. Chini ya mstari alikuwa ameandika kwamba mkutano ujao ni Jumamosi ya kwanza ya Machi, nyumbani kwa Dereva, na kila mtu aje na mchango wake.