Mgongo wa Picha

Bibi yangu hakujua kusoma, lakini kila picha aliyokuwa nayo aliijua kwa mgongo wake. Zilikuwa kumi na kitu tu, ndani ya kopo la biskuti lililokaa juu ya kabati. Kwetu Saadani chumvi haiko majarubani peke yake. Iko hewani, inakula bati, inakula bawaba, na picha ukiitia kwenye fremu hugandana na kioo, siku ya kuitoa uso wa mtu unabanduka nusu. Kwa hiyo kopo. Jioni nyingine aliniita, "Mjukuu wangu, hebu nisomee." Nikizigeuza moja moja: mhuri wa studio ya Tanga au Dar es Salaam, na chini yake mwandiko wa kalamu ya wino, jina, mwaka, pengine "kwa kumbukumbu". Akishasikia jina ndipo alipoigeuza mbele na kuitazama sura.

Mwaka 1991 nilipelekwa Bagamoyo kujifunza kazi kwa fundi mwenye studio ndogo. Palikuwa na pazia lililochorwa minazi na ndege inayoruka, kochi moja, maua ya plastiki, na huko nyuma chumba cha giza ambacho joto lake nalikumbuka mpaka leo. Taa nyekundu, mabeseni matatu mezani. Unachukua karatasi nyeupe isiyo na kitu, unaitumbukiza kwenye dawa, unatikisa beseni taratibu. Baada ya muda mfupi vinaanza kutokea vile vya giza: nywele, mboni, ukosi wa koti. Ngozi inafuata polepole, na mtu uliyempiga asubuhi anakutazama kutoka majini. Kazi nyingi nimezifanya tangu siku hizo, hiyo sijapata kuuona mfano wake.

Dawa ya mwisho, ile inayoizuia picha isiharibiwe na mwanga, fundi wangu aliiita "haipo", akilikata jina lake la Kizungu. Siku ya kwanza nilicheka: iitwayo haipo ndiyo inayoifanya picha iwepo. Yeye hakucheka. Alisema anayeharakisha haipo, picha zake hugeuka manjano na mteja hurudi na maneno.

Hapo hapo Bagamoyo ndipo nilipooneshwa postikadi za zama za Wajerumani. Mwanamke wa Kiswahili na kanga zake, mpagazi wa Kinyamwezi na mzigo wa pembe. Kabila limechapwa chini ya picha kwa herufi nzuri, jina la mtu halimo. Nikaigeuza moja nyuma, kwa mazoea ya kopo la bibi. Hamna kitu.

Ujanani wapiga picha niliowahusudu walikuwa wawili. Mmoja ni Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Nilitamani ushujaa wake, ila ukweli ni kwamba mimi ni mwoga, na kazi yangu haitaki mbio. Wa pili alinifaa zaidi: Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, mwanawe Rohit akaja kuirithi. Nilivuka kwenda kuzitazama picha zilizojaa kuta za duka lile. Nilichokiona kwa Oza ni nafasi. Mtu hamkati kutoka mahali pake. Mlango, ukuta na kivuli cha barabara vyote vinasema ni nani huyu. Nilirudi Bara nikiona haya kwa lile pazia letu la ndege.

Kisha mambo yakabadilika upesi. Mwaka 2005 Saadani ikawa Hifadhi ya Taifa, hifadhi ya Tanzania ambamo mbuga inakutana na bahari, nami nikarudi nyumbani na kamera ya dijitali shingoni. Kila mgeni alitaka tembo na mawimbi katika picha moja. Nilipoteza misimu mizima nikiwavizia tembo ufukweni, na nilipompata mmoja niliuza vizuri. Leo naona zile zilikuwa postikadi tu. Tembo hahitaji jina mgongoni.

Halafu diski yangu ikafa. Fundi wa kompyuta aliiweka sikioni, akaisikia ikigonga-gonga, akanirudishia bila kunidai hata shilingi. Kazi ya miaka mitatu ilikwenda, na ndani yake picha za mwisho za bibi. Nilipanda kwenye kabati nikashusha lile kopo. Filamu zangu za studio zilikuwamo, kavu, salama, pamoja na picha zake zote na migongo yake.

Tangu hapo napiga chache, na kila ninayoipenda naisafisha kwenye karatasi. Mahali pangu ni majaruba ya chumvi, saa sita mchana, saa ambayo kila mwalimu wa kupiga picha atakukataza. Kwingineko jua la utosini humtia mtu mashimo meusi machoni. Juu ya chumvi mwanga unarudi kutoka chini, unaingia ndani ya kofia, unamulika kidevu, na hata mikunjo ya mkono ulioshika koleo unaihesabu. Simpangi mtu. Nasubiri achoke kunitazama aendelee na kazi yake.

Vijana huniambia, "Mjomba, nirushie kwenye simu." Nawarushia. Lakini wiki mbili baadaye narudi na bahasha. Mama mmoja anayeanika uduvi nilipompa yake hakuitazama uso kwanza, aliigeuza. Akalikuta jina lake, la baba yake, Saadani, na tarehe. Akaniuliza nimelipata wapi jina la marehemu babaye, nikamwambia alinitajia mwenyewe.

Nanyi mlio na picha za karatasi nyumbani, zigeuzeni wakati wazee wangali hai wa kuwatajia majina. Msitumie kalamu ya wino, hupenya ikatokea usoni. Karatasi za siku hizi nyuma zina utando wa plastiki na penseli ngumu huteleza. Chukueni penseli laini, 4B au zaidi, na msikandamize.