Kuhesabu Bata Bukini wa Solway

Treni kutoka Glasgow ilinishusha Dumfries, kusini mwa Uskoti, saa kumi na moja jioni ya Novemba, na giza lilikuwa totoro. Kwetu Pangani saa hiyo jua bado liko juu ya minazi. Mwenyeji wangu, bibi anayejitolea kuhesabu ndege kila majira ya baridi, alitazama viatu vyangu vya ngozi, akafungua buti ya gari na kunitolea mabuti ya mpira. Kesho, akasema, tuwe tumeshakaa kabla hakujapambazuka.

Kesho yake tukajibanza katika kibanda cha mbao huko Caerlaverock, kando ya ghuba ya Solway, vidirisha vyake vikitazama majani ya chumvi na matope yasiyo na mwisho. Baridi ilinipenya hadi kwenye kucha. Halafu nikasikia kelele kutoka gizani, kama watoto wa chuoni wakisoma kwa sauti, kila mmoja sura yake. Mwanga ulipopanuka, matope yenyewe yakaonekana yananyanyuka. Walikuwa bata bukini, maelfu, wakitoka walikolala na kuja malishoni, safu juu ya safu, uso mweupe, shingo nyeusi. Nilishika ukingo wa kidirisha nikabaki nimeduwaa.

Bibi hakuduwaa. Alihesabu kumi, akaikariri nafasi ambayo wale kumi wanaijaza, kisha akaipitisha nafasi hiyo juu ya kundi zima huku kidole kikibonyeza kihesabio. Wenzake walikuwa wamesambaa kwenye mwambao wakifanya hivyo hivyo asubuhi ile ile, ili kundi likihama lisihesabiwe mara mbili. Karibu ndege wote wa aina hii wanaozaliana Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo kaskazini kabisa, huja kupitisha baridi hapa, mwendo wa kilomita zipatazo 3,000.

Mwaka 1948 walihesabiwa 300 tu. Uwindaji ulikuwa umewamaliza. Mwaka 1954 sheria ikawalinda Uingereza, mwaka uliofuata wakalindwa Svalbard, na taratibu wakaongezeka hadi kufikia takriban 40,000. Kisha ikaja homa ya mafua ya ndege katika baridi ya 2021 na 2022, ikaondoa karibu theluthi moja. Bibi aliieleza baridi ile kwa sauti ya mtu aliyefiwa: mizoga ufukweni, na daftari lililopaswa kujazwa vilevile.

Mchana tulihamia kwenye darubini. Baadhi ya ndege wamevishwa pete za plastiki zenye herufi miguuni, na anayezisoma anajua yupi amerudi, yupo na mwenza gani, ameleta vifaranga wangapi. Kwa kawaida dume na jike hawaachani wakiwa hai, na watoto husafiri na wazazi hadi huku. Idadi ya watoto ndiyo inayoeleza kama kiangazi cha kule Svalbard kilikuwa chema.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa mashambani. Bata wametapakaa kwenye nyasi za ng'ombe za mkulima, na hakuna anayewafukuza! Mimi nimekua nikiamia ndege kwenye mpunga, nikipiga debe hadi mikono inauma. Hapa serikali huwalipa wakulima ili wawavumilie wageni hawa. Naona ni haki: aliyelisha ndege wa dunia nzima asiachwe abebe hasara peke yake.

Nawe uliye Tanga, Bagamoyo au Lamu, kuanzia Septemba ndege wa mwambao kutoka Siberia wanatua kwenye matope yetu na kukaa hadi Aprili. Kila Januari nchi nyingi, Kenya ikiwemo, huhesabu ndege wa majini, na wanaojitolea hawatoshi kamwe. Maji yakipwa, chukua daftari ushuke ufukweni. Anza na kumi wa kwanza.