Mluzi wa Babu

Leo sina umbea wa msanii yeyote. Leo nina habari ya babu yangu na wimbo mmoja.

Wanaonijua wanajua nina kibanda hapa Mtowisa. Nanyoa, nachaji simu, na naingiza nyimbo kwenye memori kadi. Mavuno ya mpunga yakianza ndo nafufuka, maana watu wana hela na kila mtu anataka nyimbo. Vijana wanataka singeli na amapiano. Wazee wanataka zilipendwa, yaani Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu hawakosi kwenye kadi zao.

Babu alikuwa hakanyagi kibandani. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa yale, yeye alitaka nishike jembe. Nilipofungua kibanda akasema mbele za watu kwamba muziki ni kazi ya wahuni. Toka siku hiyo nikawa nampa shikamoo, anaitikia marahaba, basi, kila mtu anashika njia yake. Karibu mwaka mzima.

Sasa mwezi wa sita nikamwona anaingia. Akakaa kwenye kiti cha kunyolea, nikajua anataka kupunguza nywele. Kumbe hapana. Akatoa kwenye koti kiredio cha memori kadi.

"Mjukuu, kuna wimbo nautafuta."

Unaitwaje? Hajui. Kaimba nani? Mtu mweusi wa Marekani. Nikamwambia babu, hao wako wengi. Akanyamaza kidogo, halafu akapiga mluzi.

Jamani, huo mluzi nimezaliwa nikaukuta. Anaupiga akisuka kamba, anaupiga akikagua maji shambani. Miaka yote mimi nilidhani ni wimbo wa kanisani ambao ameusahau katikati.

Nikawasha data, nikatafuta wimbo wa zamani wenye mluzi mwishoni. Wa kwanza kutokea ni wa Otis Redding, (Sittin' On) The Dock of the Bay. Nikaupiga. Sauti ya mawimbi ilipoanza tu, babu akashika mkono wa kiti. Hakusema neno mpaka mwisho, pale kwenye mluzi. Akapiga na yeye. Mteja aliyekuwa anasubiri zamu akabaki anamshangaa.

Ndo akaanza kunisimulia. Alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam, kijana wa miaka ishirini hivi. Kiingereza hajui, lakini mwenzake alimwambia jamaa anaimba kuhusu mtu aliyekaa bandarini anatazama meli. Babu akasema, basi huyo ni mimi. Akajibana mpaka akanunua santuri yake, na gramafoni hana. Alikuwa anaibeba kwapani kwenda kuipigia kwa rafiki yake.

Mwaka 1969 ukafika. Ilikuwepo Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam, kwamba unaharibu vijana. Mimi nilidhani babu anatia chumvi, nikatafuta mwenyewe, nikakuta ni kweli. Babu aliogopa. Santuri akamwachia jirani, hakuidai tena. Baadaye akarudi kwetu huku bondeni, akaoa, akalima.

Nikajikaza nikamuuliza: "Sasa babu, mbona mimi uliniita mhuni?"

Akatazama chini. "Na mimi niliitwa hivyohivyo. Nikaamini."

Usiku sikulala, nikamsoma huyo Otis. Wimbo ule aliurekodi Memphis mwishoni mwa 1967, na tarehe 10 Desemba ndege ikaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 26. Wimbo ulitoka Januari 1968 ukashika namba moja Marekani, mwenyewe hayupo. Mimi nina 25, kazi ni kulalamika kwamba nimechelewa maisha.

Watu wanasema nyimbo za zamani zinadumu kwa sababu zamani watu waliimba kwa moyo. Mi sikubali moja kwa moja. Zipo nyingi za wakati huohuo zilizoimbwa kwa moyo na leo hazijulikani. Ninavyoona, wimbo unadumu ukishapata mtu wa kuubeba. Santuri ya babu iliondoka, marufuku ikapita, na mluzi ukabaki mdomoni kwake miaka zaidi ya hamsini. Nani angeenda kuukamata huko?

Na huo muziki haukufa hata hapa kwetu. Mwaka 1976 bendi ya Sunburst ya Dar ilitoa Ave Africa, na soul imo ndani. Leo Lady Jaydee, Ben Pol na Jux wanaimba RnB kwa Kiswahili, watu wanafungia ndoa. Sisemi kila singeli itafika miaka hamsini. Nasema tu, maneno tunayoitupia singeli leo, soul ilishatupiwa.

Turudi kwa babu. Nilimwekea nyimbo ishirini kama zawadi: Sam Cooke, Aretha Franklin, Percy Sledge, wote nikawapanga. Kesho yake asubuhi karudi na kiredio chake.

"Futa hizi zote. Bakisha ule mmoja."

Nikafuta. Akainuka, akaweka mia tano juu ya kiti, akatoka anapiga mluzi. Nilitaka kumkimbilia nimrudishie, babu yangu nimchaji vipi? Nikasita. Ilikuwa mara ya kwanza analipia kazi yangu.

Nimeiacha, ipo kwenye droo mpaka leo.

Haya wadau, na wewe mzee wako anapiga mluzi wa wimbo gani? Muulize mapema.