Ukuta mweupe ni hewa

Ukihama keja Rhonda, pesa ya kwanza mwenye nyumba anakata kwa deposit ni ya rangi. Tunalipa tu, kimya. Mimi nasema tuanze kuuliza ni rangi gani, juu kuna rangi nyeupe na kuna maji ya chokaa.

Rangi hufunika ukuta kwa kutawanya mwanga. Bingwa wa kazi hiyo ni unga wa titani dioksaidi, na ni ghali. (Kwale tulichimba mchanga wa titani, ukasafirishwa nje kwa meli kupitia Likoni hadi mgodi ukafungwa Desemba 2024. Unga wenyewe tunaagiza.)

Sasa sikia hii. Miaka ya 1980 kampuni ya Marekani, Rohm and Haas, ilikuwa inauza Ropaque: vipira vya plastiki vyenye uwazi ndani, kipenyo karibu nusu mikroni. Wanaanza na kiini laini chenye asidi, wanakivika ganda gumu la polistairini, halafu wanatia amonia kukiwa na joto. Kiini kinanyonya maji na kuvimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Ukutani maji yanakauka, ganda linabaki, ndani ni hewa tupu. Mwanga ukigonga hiyo hewa unapinda na kutawanyika. Ndiyo maana hata sabuni ya bluu hutoa povu jeupe! Titani haitoki yote, ila inahitajika kidogo zaidi.

Hata hapa karibu, Kariandusi kule Gilgil, ule udongo mweupe wa diatomaiti ni maganda yenye matundu ya mwani mdogo sana wa ziwa la kale. Nao hutiwa kwenye rangi.

Shida ni fundi akikuambia, "Ngoja ikauke, itafunika." Kwa vipira ni kweli, vikiwa na maji havifuniki sana. Lakini rangi iliyojazwa chokaa na gundi kidogo pia huwa nyeupe ikikauka, maana hewa imebaki katikati ya chembe. Tofauti ni kwamba hewa ya kipira imefungiwa ndani ya ganda. Ile ya chokaa iko wazi, maji yanaingia tena, na chembe hazijashikwa na kitu.

Kwa hivyo chukua kitambaa chenye maji, usugue. Kwangu nyumba ilipakwa wiki niliyoingia. Kitambaa kimetoka cheupe, ukuta umebaki kijivu. Nimepiga picha, tarehe inaonekana.